Nyungu ya Mawe: Ukatili na Utawala Katika Misitu ya Ukimbu

Mwishoni mwa mwaka 1878 msafara wa wamisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS ulikuwa ukipita porini karibu na Chaya, mahali ambapo leo mkoa wa Singida unapakana na Tabora. Wapiganaji walioitwa rugaruga wakauvamia. Mhandisi wa msafara huo, William Penrose, aliuawa pamoja na watu wake kadhaa, na mizigo ikatekwa. Wavamizi walikuwa askari wa Nyungu ya Mawe. Kuanzia hapo jina hilo likaingia katika barua na vitabu vya Wazungu kama jina la jambazi wa njiani, mtu wa kuogopwa na kulaaniwa.

Miaka sita baadaye, Desemba 1884, Nyungu alifariki akiwa bado mtawala. Alikuwa ameunganisha chini ya mamlaka yake karibu Ukimbu wote, nchi iliyokuwa na temi zaidi ya 30 zisizotawaliana, yenye eneo linalokadiriwa kufikia kilometa za mraba 50,000, karibu sawa na mkoa mzima wa Singida tunaoujua leo. Dola hiyo haikufa naye. Mirambo, mtawala jirani aliyekuwa mashuhuri kuliko yeye, alifariki mwezi huohuo, na mamlaka aliyoijenga ikaanza kumeguka mara moja. Ya Nyungu iliendelea kusimama kwa takriban miaka kumi zaidi, hadi Wajerumani walipoivunja.

Swali linajileta lenyewe. Ilikuwaje kamanda aliyesifika kwa ukatili, asiyejali maisha ya maadui wala ya askari wake, akaacha utawala imara kuliko watawala wengi wa zama zake? Wapo wanaosema ukatili wenyewe ndio uliompa mafanikio. Wapo pia wanaosema ukatili huo ni uzushi wa wageni walioibiwa mali zao. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Ukatili wa Nyungu na ubunifu wake wa kutawala vilitoka katika chimbuko moja: alikuwa mtu aliyenyimwa urithi, akaongoza watu wasio na kwao, katika nchi iliyokuwa imevurugwa na biashara ya pembe za ndovu.

Nchi na njia

Ukimbu ni nchi ya miombo. Sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Manyoni, pamoja na eneo la Itigi, kuelekea Rungwa, na nyingine imo Sikonge mkoani Tabora na Chunya mkoani Mbeya. Mvua ni chache, maji ya kudumu ni ya kutafuta, na mbung'o ni wengi kiasi kwamba ufugaji wa ng'ombe haukuweza kushamiri kama ulivyoshamiri kwa Wagogo na Wanyaturu. Wakimbu waliishi kwa kilimo kidogo, uwindaji na asali. Vijiji vilikuwa vidogo na vilitengana kwa mwendo mrefu. Mtemi wa Kikimbu hakuwa na jeshi la kudumu wala hazina kubwa. Heshima yake ilitokana na ukoo, na kazi yake kuu ilikuwa matambiko: kuombea mvua, kuubariki uwindaji, kuitunza nchi mbele ya wahenga. Mwindaji aliyeua tembo alimpelekea mtemi sehemu ya pembe. Kwa vizazi vingi hilo lilikuwa jambo la heshima zaidi kuliko la mali.

Karne ya 19 ilibadili maana ya jino hilo la tembo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga kituo chao Tabora, katikati ya Unyanyembe, na bei ya pembe Zanzibar ilikuwa ikipanda. Njia kuu kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha ikaingia katika pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Richard Burton alilipita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Wote wawili wameandika juu ya kiu, uchovu na hofu ya sehemu hiyo. Baada ya pori hilo kulikuwa na Tura, kisha Unyanyembe. Kwa hiyo aliyeshika Mgunda Mkali alishika koo la biashara yote ya kati. Angeweza kudai hongo kwa kila msafara, au kuuteka akipenda. Watemi wadogo waliojitegemea, wenye mikuki na magobore machache, hawakuwa na uwezo wa kuilinda nafasi hiyo. Mtu yeyote mwenye bunduki za kutosha na roho ngumu angeweza kuwanyang'anya.

Mwana wa ikulu asiye na kiti

Nyungu hakuwa Mkimbu. Alitoka katika ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, ukoo uliopasuliwa na siasa za biashara. Mtemi Mnywa Sele alipowatoza kodi wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, wao walimpiga vita, na karibu mwaka 1860 wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele alihangaika porini kwa miaka kadhaa, akiwashambulia waliomwondoa, mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Nyungu alikuwa upande wake. Kifo hicho kiliwafundisha walionusurika kwamba damu ya kitemi peke yake haikulindi tena. Aliye na baruti na marafiki wenye mali anaweza kumng'oa mtemi halali na kumkalisha mwingine.

Mtu aliyefundishwa hivyo ana njia mbili. Anaweza kutumia maisha yake akidai kiti cha baba zake, kama alivyofanya Mnywa Sele hadi kufa. Au anaweza kuacha kuuona ukoo kuwa chanzo cha mamlaka. Nyungu alichukua njia ya pili. Alijitenga na Unyanyembe, akakusanya wapiganaji, na katikati ya miaka ya 1870 akauteka Kiwele, magharibi mwa Ukimbu, akaufanya makao yake makuu. Kutoka hapo alizikamata temi za Kikimbu moja baada ya nyingine, akisogea kusini na mashariki hadi kwenye njia ya misafara.

Katika masimulizi ya wazee anatajwa kuwa na jicho moja. Nyungu ya Mawe lilikuwa jina la majigambo, la mtu anayejitangaza kuwa chungu kisichopasuka. Hakuwa mtu wa maneno laini hata kwa walio wake. Masimulizi hayohayo yanasema kwamba vitani aliwaita askari wake magogo, na safu ya mbele ilipoanguka aliamuru magogo mengine yarundikwe juu yake. Mtu anayesema hivyo juu ya jeshi lake mwenyewe haachi nafasi ya kuuliza aliwafanyia nini waliompinga.

Jeshi la wasio na kwao

Rugaruga hawakuwa uvumbuzi wa Nyungu. Tangu Wangoni walipovuka mto Zambezi mwaka 1835 na kundi lao moja kufika magharibi mwa Tanzania, mbinu zao zilikuwa zimeenea: vijana walioishi pamoja kambini, walioondolewa katika koo zao, waliofundishwa kwamba kamanda ndiye baba. Mirambo alijifunza mbinu hizo akaziunganisha na bunduki. Nyungu alifanya vivyo hivyo, ila akazipeleka mbali zaidi.

Hawa vijana walitoka wapi? Wengine walikuwa mateka wa vita. Wengine walikuwa watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, yatima wa vijiji vilivyochomwa, watoto wa watu waliokimbia njaa. Biashara ya pembe na watumwa ilikuwa kiwanda cha kuzalisha vijana wasio na shamba, wasio na mjomba wa kuwalipia mahari, wasio na mahali pa kurudi. Nyungu aliwapa chakula, bunduki, nguo nyekundu, manyoya ya kichwani, bangi na sehemu ya nyara. Inasimuliwa kwamba walijipamba kwa meno ya binadamu na mapambo mengine ya miili ya waliowaua. Mapambo hayo yalikuwa na kazi. Kijiji kilichowaona wakija kilikuwa kimeshashindwa nusu kabla ya risasi ya kwanza, na kamanda mwenye baruti kidogo anahitaji sana ushindi wa namna hiyo.

Hapa ndipo tunapoweza kuelewa ukatili wake bila kuutetea. Mtemi wa kawaida alibanwa na mambo mengi. Alipigana na watu ambao huenda dada yake aliolewa kwao. Askari wake walikuwa wakulima waliotaka kurudi kuvuna. Wazee walikuwa na haki ya kumkanya, na wahenga waliaminika kuwa wangekasirika akivunja mwiko. Nyungu hakubanwa na hata kimoja kati ya hayo. Rugaruga wake hawakuwa na ukoo wa kulipa kisasi iwapo wangekufa, wala wazee wa kuwatetea. Ndiyo maana aliweza kuwaita magogo. Vita visivyo na breki viliwezekana kwa sababu taasisi zote zilizokuwa breki zilikuwa zimevunjwa, na Nyungu mwenyewe alikuwa zao la kuvunjwa huko.

Lazima pia tujiulize tunajuaje haya. Maandishi ya wakati ule ni ya wamisionari, wasafiri na wafanyabiashara, watu wenye sababu ya kumchora vibaya mtu aliyewatoza na kuwaua. Lakini kuna mkondo mwingine wa habari. Katika miaka ya 1960 padri na mwanazuoni Aylward Shorter alikusanya simulizi kwa Wakimbu wenyewe, wakiwamo waliolelewa na watu wa kizazi kilichomwona Nyungu, na kazi hiyo ndiyo msingi wa mengi tunayoyajua leo. Wageni na wenyeji hawakuwa na sababu ya kukubaliana, na hata hivyo wanakubaliana juu ya ugumu wa mtu huyu. Wanatofautiana katika jambo moja kubwa: wageni waliishia kwenye ujambazi, wenyeji wakakumbuka pia utawala.

Watwale

Utawala huo ndio mapinduzi yenyewe. Baada ya kuuteka utemi, mshindi wa kawaida wa karne ya 19 alikuwa na machaguo mawili: kuuacha mikononi mwa mtemi aliyeshindwa alimradi alipe kodi, au kumweka mwanaukoo mwingine aliye tayari kutii. Mirambo alifanya hivyo mara nyingi. Udhaifu wa njia hiyo ni dhahiri: mtemi anayepewa kiti kwa nguvu bado ana madai yake ya damu, na siku mkono unaomshika unapolegea anarudi kuwa mkuu wa nchi yake.

Nyungu alifanya tofauti. Juu ya watemi wa Kikimbu aliweka maofisa wake, watwale. Temi kadhaa ziliunganishwa kuwa jimbo moja chini ya mtwale mmoja. Mtwale hakuwa na haki ya kuzaliwa katika eneo alilopewa. Alitumwa, na aliyemtuma angeweza kumwondoa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha pembe zote zinafika Kiwele, kukusanya watu wa vita, na kuhakikisha hakuna anayeinua kichwa. Watemi wa zamani hawakufutwa. Waliachiwa matambiko, mvua na baraka za uwindaji, mambo ambayo wananchi waliyahitaji na ambayo mgeni hakuweza kuyafanya. Walichopoteza ni pembe na upanga.

Tuupime uzito wa jambo hilo. Katika nchi ambayo mtawala, kuhani na mkuu wa ukoo walikuwa mtu mmoja, Nyungu alitenganisha madaraka ya kiserikali na utakatifu wa ukoo. Aliunda cheo kinachobaki hata anayekishika akibadilishwa. Na sababu ya kuweza kufanya hivyo ni ileile iliyomwezesha kuwa mkatili. Kwa kuwa hakuwa na mizizi Ukimbu, hakuwa na ndugu wa kuwaridhisha kwa viti. Kwa kuwa watu wake walikuwa wameng'olewa katika koo zao, walitegemea cheo na yule aliyekitoa. Mtu asiye na kwao alilazimika kubuni serikali isiyotegemea ukwao.

Lakini tusimfanye Nyungu kuwa baba wa utumishi bora wa umma. Serikali hiyo ilikuwa na lengo moja kuu, nalo ni pembe. Haikuchimba visima wala haikufungua mashamba. Mkimbu aliyeamka asubuhi katika kijiji chake aliona kwamba sehemu ya mawindo iliyokuwa ikizunguka katika jamii yake sasa inachukuliwa na mtwale, na kwamba mwanawe anaweza kuitwa vitani akarundikwe kama gogo. Alipata kitu kimoja: vita vya temi kwa temi vilikoma ndani ya mipaka ya dola, kwa kuwa bwana alikuwa mmoja. Amani hiyo ilikuwa ya kweli, na ilinunuliwa kwa damu yake.

Kifo cha mwanzilishi

Kipimo cha mfumo wowote ni siku mwanzilishi anapoondoka. Nyungu alipofariki, kiti kilichukuliwa na mwanamke, binti yake Mgalula. Mwanamke kutawala halikuwa jambo geni katika eneo hili, ila kurithi jeshi la rugaruga kutoka kwa mtu kama Nyungu ni jambo jingine kabisa. Watwale waliendelea kumtambua na pembe zikaendelea kwenda Kiwele. Kwa Mirambo, mrithi wake Mpandashalo aliona temi zilizotekwa zikijitoa moja baada ya nyingine, maana zilikuwa zimefungwa kwa jina la Mirambo mwenyewe. Kule Ukimbu kamba ilikuwa imefungwa kwenye vyeo.

Wakati Nyungu na Mirambo wanafariki, Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara akikusanya mikataba ya kilaghai, na wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin katika mkutano wao wa kugawana Afrika. Wajerumani walipofika Unyamwezi, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana nao hadi Januari 1893, akajilipua kwa baruti ngomeni mwake kuliko kutekwa. Ukimbu haukuwa na mwisho wa namna hiyo. Wajerumani, waliojenga boma lao Kilimatinde katika Manyoni ya leo, walikuta mfumo uliokwisha kupangwa. Katikati ya miaka ya 1890 waliivunja dola kwa kukata kichwa tu: watwale walitambuliwa kama watawala kila mmoja na eneo lake, na mamlaka ya Kiwele juu yao ikafutwa.

Hapo udhaifu wa kazi ya Nyungu ulionekana. Cheo kinachomtii yule aliyekitoa kitamtii pia mtoaji mpya mwenye nguvu zaidi. Hakukuwa na kitu kilichowafunga wananchi na dola hiyo mpaka wawe tayari kuifia. Hata neno rugaruga halikufa; wakoloni walilitumia kwa askari wao wa msaada wa Kiafrika, wakawatumia katika vita vya Maji Maji na katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chombo kilichoundwa kwa hofu na nyara hakiulizi kinamtumikia nani.

Kamanda mwingine, mahali pengine

Ukitaka kuona umuhimu wa watwale, mtazame kamanda mwingine mgeni aliyetikisa sehemu ya nchi yetu. John Okello, mzaliwa wa Lango nchini Uganda, aliongoza mashambulizi ya usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 yaliyouangusha utawala wa Sultani Zanzibar. Alijiita Fildi Marshali, na vitisho vyake redioni vya kunyonga, kuchoma na kupiga risasi viliwatia watu hofu kubwa katika siku ambazo maelfu waliuawa. Naye, kama Nyungu, hakuwa na ukoo mahali alipopigana, na jeshi lake lilijaa watu wa pembezoni. Lakini Okello hakuwa na taasisi yoyote mkononi. Chama kilikuwa cha wengine, Baraza la Mapinduzi likawa la Abeid Amani Karume, na kabla miezi mitatu haijaisha Okello alikuwa ameshakataliwa kurudi Zanzibar. Hofu ilimpa siku chache za kutawala. Nyungu alielewa jambo ambalo Okello hakulipata: hofu hufungua mlango, haikai ndani ya nyumba.

Tumkumbuke vipi?

Mirambo ana shule ya sekondari Tabora yenye jina lake. Mkwawa ana chuo Iringa. Mjini Singida uwanja wa mpira umepewa jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa alitumia nyuki kupambana na Wajerumani, na anastahili heshima hiyo. Nyungu hasikiki sana, ingawa ndiye aliyejenga dola kubwa kuliko zote katika misitu hii kabla ya ukoloni. Sababu moja ni kwamba nchi yake yenyewe ilitawanywa. Katika karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa maeneo haya na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na sehemu kubwa ya Ukimbu leo ni mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi. Sababu ya pili ni kwamba hafai kuwa shujaa wa kawaida. Hakupigana na Wajerumani. Aliowaua zaidi ni Waafrika wenzake.

Kishawishi ni kumsafisha: kusema alikuwa mpinzani wa Waarabu wa Tabora na wa Wazungu, kwa hiyo ni wetu. Ukweli haukubali. Pembe alizokusanya ziliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa njia hiyohiyo aliyoitia hofu. Alipinga kutawaliwa na biashara ile, hakuipinga biashara yenyewe. Kumwita jambazi nako ni kosa, kwa sababu kunaficha fikra ya kisiasa iliyokuwa mbele ya zama zake, na kunamrudishia mgeni haki ya kuamua nani katika historia yetu alikuwa na akili ya kutawala.

Mwanafunzi wa Itigi au Manyoni anastahili kusoma habari za Nyungu zikiwa kamili: kijiji kilichochomwa na ofisi iliyoundwa, katika ukurasa mmoja. Akizisoma hivyo atajifunza jambo linalohusu viongozi wa leo pia. Wapo makamanda katika eneo letu la Maziwa Makuu wanaoendelea kukusanya vijana wasio na kwao, kuwapa bunduki na kuwatuma kulinda madini kama Nyungu alivyolinda pembe. Kila mara tunaambiwa kwamba ukatili wao ni tabia ya mtu mmoja mbaya, na kwamba akiondoka mambo yatatulia. Habari za Kiwele zinaonyesha kwamba jeshi la magogo huanzia pale vijana wanapoachwa bila ardhi, bila ukoo na bila sheria ya kuwalinda, huku mali ya nchi yao ikipita mbele ya macho yao kwenda kwa wengine. Kamanda huja baadaye, akiwakuta wakingoja. Anayetaka kuzuia Nyungu mwingine aanze na vijana hao, na aanze kabla kamanda hajafika.